Ukuta wa shule yetu unasema 1976, wazee wanasema mapema zaidi. Nifuate upi?

Fundi Cherehani, Mtwara mjini

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari za kutwa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mtwara mjini, pia ni mjumbe wa kamati ya shule ya msingi niliyosoma mimi mwenyewe na wanangu watatu. Jina la shule naliweka pembeni kwa sasa kwa sababu kamati haijakaa kulipitisha jambo hili. Ipo upande ule ambako zamani ilipita reli ya kwenda Nachingwea.

Kikao kilichopita tulikubaliana kupaka rangi upya ukuta wa mbele, na kuandika kijitabu cha historia ya shule tuwape wazazi siku ya mahafali ya darasa la saba. Historia nikapewa mimi, maana duka langu linatazamana na geti na karibu kila mzazi ananifahamu. Niliipokea nikijua ni kazi ya wiki moja. Huu ni mwezi wa pili.

Nimekwama mstari wa kwanza kabisa. Ukutani pameandikwa "Imeanzishwa 1976", na kila wakipaka rangi wanarudishia maneno yale yale. Nilikwenda ofisini, mwalimu mkuu akanifungulia kabati. Rejista ya uandikishaji iliyo ya zamani kuliko zote inaanza Januari 1976. Kurasa zake za mwisho zimeliwa na mchwa, lakini za mwanzo zinasomeka vizuri, mwandiko wa wino wa bluu, herufi zimelala upande mmoja. Mwalimu mkuu akaniambia, mama, sisi tunafuata karatasi.

Sasa, kaka yangu mkubwa ni wa 1962. Anasema alianza darasa la kwanza pale pale, chini ya mkorosho, wakiandika kwa kidole mchangani kabla ya kupewa vibao. Kama shule ilianza 1976, kaka yangu alianza darasa la kwanza akiwa na miaka 14, jambo ambalo si kweli, kwa sababu mwaka huo yeye alikuwa ameshaanza kwenda baharini na mjomba. Na marehemu baba yangu, aliyekuwa akibeba mizigo bandarini, alikuwa akituambia yeye na wenzake ndio waliokata mikorosho miwili na kuchimba msingi wa chumba cha kwanza, siku za Jumapili meli isipokuwepo. Baba hakuwa mtu wa kuongeza chumvi.

Nimezunguka kwa wazee. Wa kwanza ananiambia 1968, wa pili 1970, wa tatu "siku za Azimio", wa nne anakumbuka mvua ilikuwa kubwa basi. Kengele yetu mpaka leo ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mwembe, nikafikiri labda hicho kitanisaidia. Lakini reli ilifungwa 1962, vyuma vikang'olewa, na vipande vilizagaa mjini kwa miaka. Kinaniambia tu kwamba kengele haikutundikwa kabla ya hapo, basi.

Linaniuma kwa sababu waliokata ile mikorosho wamebaki wachache. Nilipoanza kuuliza walikuwa watano ninaowajua. Mmoja tumemzika Ramadhani iliyopita. Tukiandika 1976, tunawaambia wajukuu zao kwamba shule ililetwa na karatasi. Hiyo si haki, na mimi siwezi kuiandika kwa mkono wangu.

Kuna aliyewahi kufanya kazi kama hii? Mtu akitaka kujua shule ilianza lini na hana karatasi ya wakati ule, anapita njia gani?

Mwalimu Mstaafu, Nanguruwe

Marahaba mwanangu. Swali lako limenifanya nitafute miwani.

Nilifundisha miaka 40, nikastaafu 2017. Nilianza 1977 nikiwa mwalimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote, yaani kijana aliyemaliza darasa la saba akapelekwa kufundisha huku anajifunza ualimu. Asubuhi nasimama mbele ya watoto, mchana mimi mwenyewe nakuwa mwanafunzi: masomo ya posta, vipindi vya redio, na mratibu wetu anakuja na baiskeli kutusahihisha. Nchi nzima tulikuwa makumi ya maelfu. Watu wametusema sana, lakini bila sisi watoto wengi wa Kusini wasingejua kusoma.

Nakwambia haya ili uuelewe mwaka 1976. Azimio la Musoma lilipitishwa Novemba 1974. Mpango wa awali ulikuwa watoto wote wafikiwe 1989; Musoma ikasema hapana, ifikapo Novemba 1977 kila mtoto wa umri wa shule awe darasani. Ada ya shule za msingi ilikuwa imeshafutwa 1973. Sasa wakuu wa elimu wilayani walifanyaje? Mahali pengine walijenga. Lakini pengine pengi walikuta darasa la wazazi linaendelea, lina mwalimu mmoja na paa la makuti, wakalipa karatasi na rejista na chaki. Karatasi ikaandikwa mwaka ilipotoka. Mimi mwenyewe nilipangiwa shule iliyoandikwa "1977", na nilipofika nikakuta watoto wanaojua jedwali la saba! Nani aliwafundisha, kama shule ilikuwa imezaliwa wiki ile?

Kwa hiyo mwaka wa kusajiliwa na mwaka wa kuanza ni vitu viwili. Siku hizi wanaita shule shikizi: watoto wadogo wanasoma karibu na nyumbani, lakini kwenye vitabu wanahesabiwa shule mama mpaka hapo walipo papate usajili. Zamani tuliita tawi.

Hapa ndipo nataka uende. Muulize kaka yako: alipofika darasa la tano alisoma wapi? Siku zile shule nyingi ziliishia darasa la nne, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa chujio kubwa. Kama alihamia shule nyingine, basi hiyo huenda ndiyo shule mama, na jina lake la darasa la kwanza linaweza kuwa limeandikwa kule, siyo kwenu. Umetafuta kwenye kabati lisilo lake.

La pili, ni jinsi ya kuwauliza wazee. Usimuulize mzee "mwaka gani". Atakupa mwaka ili asikuvunje moyo. Muulize "kabla au baada". Baba yangu alikuwa hajui mwaka aliooa, lakini alijua ni kabla ya Azimio la Arusha na baada ya muungano. Kwa huku kwetu zipo alama nzuri ambazo mtu hazisahau: Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuuawa kwa Mzee Karume, Aprili 1972. Uhuru wa Msumbiji, Juni 1975, hiyo usiiache, maana wengi hapa walikuwa na ndugu ng'ambo ya Ruvuma na wakimbizi walikuwa wamejaa tangu vita vilipoanza 1964. Muulize mzee: wakati mnakata mikorosho, wale wageni kutoka Mueda walikuwepo bado? Walirudi kwao shule ikiwa na paa au bado? Utaona uso wake unabadilika. Hapo ndipo anapoanza kukumbuka kweli.

Mzazi, Chuno

Dada, bila kukuvunjia heshima. Hiyo shule naijua kwa maelezo yako. Vyoo vya wasichana havitoshi, madawati darasa la pili wanakaa wanne wanne. Hela ya kijitabu na rangi ingetengeneza madawati. Mwaka 1976 au 1970, mtoto wangu anapungukiwa nini?

Fundi Cherehani, Mtwara mjini

Kaka wa Chuno, hujanivunjia heshima, na kuhusu vyoo uko sahihi kabisa. Jambo hilo lipo kwenye muhtasari wa kikao na mimi ndiye niliyelisimamia. Rangi tunapewa na mzazi mwenye duka la vifaa, kijitabu ni kurasa nane za kutoa kopi. Hakuna dawati lililopotea.

Lakini niruhusu nikujibu swali lako la mwisho, kwa sababu nimelifikiria usiku. Tunapoitisha mchango au tunapoomba watu waje kufyatua tofali, wazazi wengi wanasema shule ni ya serikali, serikali ijenge. Serikali inajenga, sikatai. Ila wangejua kwamba chumba cha kwanza kilisimamishwa na watu wa bandari, wavuvi na wakina mama waliokuwa wakiteka maji kisima cha mbali, kwa mikono, bila kuandikwa popote, nadhani wangeliona lile geti kwa jicho lingine. Mimi nakaa mbele yake tangu 1998 nashona sare. Kaunta buku zangu zote za vipimo ninazo, toka la kwanza. Najua watoto wangapi wanaingia pale bila hata kuuliza ofisini. Siwezi kukaa miaka yote hiyo nikawavalisha watoto halafu nisijue nani aliyewafungulia mlango.

Mwalimu Mstaafu, Nanguruwe

Mwanangu, umesema una kaunta buku za vipimo tangu 1998? Usimpe mtu hata moja. Zifungue. Tarehe unaandika?

Mtoto wa Mikumbi, Lindi

Dada, salamu kutoka Lindi. Mimi nilifanya kazi kama yako kwa ajili ya shule ya hapa mjini, na nilikosea mahali ambapo nisingependa na wewe ukosee. Nilitafuta Lindi karatasi ambazo zilikuwa Mtwara.

Sisi tulikuwa jimbo moja, Jimbo la Kusini, na makao makuu yalikuwa hapa Lindi. Miaka ya 1950 yakahamia kwenu, maana Wakoloni walishajenga bandari ya kina kirefu na mji mpya kwa ajili ya ule mradi wao wa karanga, mradi ukafa lakini mji ukabaki. Ndiyo sababu Mtwara ina barabara pana kuliko magari. Baada ya uhuru tukaendelea kuwa pamoja mpaka 1971, mkoa wa Lindi ulipokatwa peke yake. Kwa hiyo kama shule yenu ilianza kabla ya 1971, mafaili ya elimu ya wakati huo yalikuwa ya mkoa mmoja mkubwa, na yaliyookolewa yanaweza kuwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kule ukienda na barua ya shule wanakupokea. Beba penseli.

Jambo jingine: uliza hiyo shule mama ilikuwa ya nani. Mpaka 1961 shule zilitengwa kwa rangi ya mtu, Wazungu zao, Wahindi zao, sisi zetu, na zetu nyingi zilikuwa za misheni. Kutengwa kulifutwa kuanzia Januari 1962. Halafu Sheria ya Elimu ya 1969 ikazitia shule za misheni zilizokuwa na ruzuku mikononi mwa serikali. Kama shule mama ilikuwa ya Wakatoliki, kuna uwezekano wa kupata kitu Ndanda kwa Wabenedikti. Kama ilikuwa ya Waanglikana, elekea Masasi. Mapadri waliandika kila kitu, hata idadi ya sahani.

Na Mwalimu wa Nanguruwe amesema kweli kuhusu "kabla au baada". Bibi yangu aliwapanga watu wote wa Lindi kwa kimbunga cha Aprili 1952 kilichobomoa nyumba nyingi za mji huu. Huyu alizaliwa kabla ya kimbunga, huyu tumboni, huyu baada. Hakukosea hata mmoja.

Fundi wa Kujenga, Rahaleo

Mama, mimi si mtu wa historia, ni fundi. Nakupa njia ya fundi.

Zunguka majengo yote mwenyewe, usimtume mtoto. Angalia ukuta. Chumba cha zamani kabisa kwa hapa kwetu kitakuwa cha mawe ya baharini yaliyokandikwa kwa udongo na chokaa, au tofali za udongo zilizopigwa plasta juu. Gonga kwa kidole, mlio wake ni mzito. Halafu vinakuja vyumba vya tofali za simenti za inchi sita, madirisha ya nondo na wavu. Vingi vya aina hii nilivyofanyia ukarabati vilijengwa kipindi cha MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, kati ya 2002 na 2006. Vya siku hizi vina madirisha ya aluminiamu na sakafu ya vigae. Ukiona mabati yametoboka sana yana mawimbi makubwa na ni mazito kuyainua, hayo ni ya zamani, siku hizi tunapaua kwa geji nyembamba.

Sasa la muhimu. Mafundi wa zamani walikuwa na desturi, na mimi ninayo, wakimaliza kumwaga sakafu au kizingiti, simenti ikiwa mbichi wanaandika tarehe kwa msumari. Huandiki mbele ambapo bosi ataona. Unaandika pembeni ya kizingiti upande wa ndani, au chini ya ubao, au kwenye ngazi ya nyuma. Chukua ndoo ya maji na brashi ngumu, sugua. Jua likiwa la asubuhi, linapiga kwa pembeni, herufi zinaonekana. Saa sita mchana huoni kitu.

Fundi Cherehani, Mtwara mjini

Nimerudi. Imepita wiki tatu na nina mengi, mnivumilie.

Kwanza kaka. Nilimpigia nikamuuliza la Mwalimu: darasa la tano ulisoma wapi? Akacheka akasema nilikuwa navuka njia ya reli kwenda shule kubwa, si unakumbuka mama alikuwa ananifungia ming'oko kwenye kitambaa? Mimi nilikuwa mtoto mchanga, siwezi kukumbuka. Lakini miaka yote nimesikia hadithi ya ming'oko na sijawahi kujiuliza ni kwa nini mtoto anayesoma nyuma ya nyumba afungiwe chakula.

Nikaenda shule kubwa na barua ya kamati. Mwalimu wa taaluma pale, binti mdogo, alinisaidia kwa moyo kweli. Tulitoa vitabu stoo, tukavifuta vumbi barazani. Kwenye rejista ya Januari 1970, baada ya majina ya darasa la kwanza la kwao, wamepiga mstari kwa rula, na chini yake kuna neno moja, "Tawi". Halafu majina 31. Jina la kaka yangu ni la 12. Jina la baba limeandikwa kwenye safu ya mzazi, na kazi yake, "Bandari". Nilikaa chini. Yule binti akaniletea maji.

Katika majina 31, wasichana ni sita. Nataka hilo liingie kwenye kijitabu bila kupunguzwa. Mmoja wao ni bibi anayeuza maandazi pale kona, na alikuwa hajaniambia kwa sababu, anasema, hakuna aliyemuuliza. Nilikuwa nazunguka kwa wazee wanaume tu. Kosa langu. Yeye ndiye aliyenipa jina la mwalimu wa kwanza, na akanionyesha mkorosho ulikuwa wapi: penye tangi la maji sasa hivi. Nilimuuliza kwa "kabla au baada" kama Mwalimu alivyonifundisha. Karume alipokufa, akasema, walitangaziwa wakiwa ndani ya chumba, siyo chini ya mti.

Ndani ya chumba. Basi nikachukua ndoo na brashi.

Fundi wa Rahaleo, Mungu akuzidishie. Jumapili saa moja asubuhi nilikuwa nimepiga magoti kwenye chumba ambacho sasa ni stoo ya vifaa vya michezo. Kizingiti cha mbele hakina kitu. Cha nyuma, upande wa ndani, baada ya kusugua mpaka mkono ukawaka moto, ikatokea 8/71, na pembeni yake alama ya kiganja cha mtu mzima. Sijui ni cha nani. Niliweka changu juu yake.

Kwa hiyo ipo hivi: watoto chini ya mkorosho Januari 1970, chumba cha kwanza Agosti 1971, usajili 1976. Wazee wote walikuwa wanasema kweli, kila mmoja alikuwa anakumbuka jambo lake. Aliyesema 1968 nilimrudia. Yeye anakumbuka mkutano wa kwanza wa kuombea kiwanja.

Mwalimu, na sasa za kaunta buku. Tarehe naandika, ndiyo, kwa sababu ya kudai. Nilizipanga mezani zote 14, nikamfungia mteja mlango siku nzima.

Januari 2002 ilinishangaza zaidi. Ada ilikuwa imefutwa tena na MMEM imeanza. Hesabu ya sare za darasa la kwanza iliongezeka kuliko mwaka wowote wa nyuma yake, lakini siyo hesabu iliyonishika, ni vipimo. Kaptula ya darasa la kwanza kwa kawaida naikata kiuno inchi 20, 21. Mwaka ule nina za inchi 25, 26, na sketi za marinda ndefu kama za darasa la sita. Ni watoto wakubwa, waliokaa nyumbani miaka yote kwa kukosa ada, wanakuja kuanza darasa la kwanza na wadogo zao. Wengine waliingizwa MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Nakumbuka kijana mmoja aliyekuja kupimwa peke yake jioni, giza limeingia, kwa sababu aliona haya kupimwa mbele ya watoto. Leo ana pikipiki yake na mtoto wake yuko pale pale darasa la tatu. Nilikuwa nimemsahau mpaka nilipoona "kiuno 26, darasa I".

Mei 2013 ukurasa hauna kitu. Ni siku za vurugu za kupinga bomba la gesi kwenda Dar es Salaam, sikufungua duka. Baada ya hapo, majina ya wateja yanabadilika, kuna majina ya Kihaya, ya Kichaga, ya Kisukuma, watu waliofuata kazi huku. Kabla ya hapo ukurasa mzima ulikuwa Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera.

Januari 2016, elimu bila ada, nilishona mpaka saa nane za usiku na binti yangu anatia vifungo. Ada imeondoka lakini sare bado ni ya mzazi, kwa hiyo foleni yote ilikuja kwangu. Mwaka ule ndipo darasa la kwanza lilipogawanywa mikondo minne, na mwaka uliofuata watoto wa ng'ambo ya barabara kuu wakahamishiwa shule mpya. Nililia nilipoona nusu ya wateja wangu wanavaa nembo nyingine mfukoni. Sasa naona shule yetu ilifanya kwa wale kile shule kubwa ilichotufanyia sisi mwaka 1970.

2020 kuna nafasi nyeupe kutoka katikati ya Machi, shule zilipofungwa kwa ajili ya korona, mpaka mwisho wa Juni. Kisha vipimo vyote vimerudiwa, maana watoto walikuwa wamerefuka.

Mwalimu Mstaafu, Nanguruwe

Mwanangu, nimeyasoma mara mbili, mara ya pili nimemsomea mke wangu.

Nakuongezea kitu kidogo cha kuweka karibu na vipimo vyako. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 108,299 katika Manispaa ya Mtwara Mikindani. Ya 2022 ikahesabu 146,772. Hao walioongezeka ndio waliokuja kupimwa kwako. Weka na hili: mji wenyewe ulipata hadhi ya manispaa 2005, kwa hiyo rejista zenu kabla ya hapo zitakuwa na mihuri ya halmashauri ya mji, asije mtu akazidhania ni za shule nyingine.

Na yale majina sita ya wasichana, yaandike kwanza.

Mzazi, Chuno

Dada nimesoma yote. Mama yangu alisoma pale miaka ya mwanzo, jina lake la utotoni ni jingine. Nitakuja dukani kesho tuangalie kama ni mmoja wa wale sita. Na kuhusu madawati, nina mbao za mninga zimekaa tu nyuma ya nyumba, hazitoshi lakini ni za kuanzia.

Fundi Cherehani, Mtwara mjini

Njoo kaka, nipo kuanzia saa mbili. Njoo na mama kama anaweza kutembea.

Kamati imekaa jana. Mwalimu mkuu aliisoma rejista ya shule kubwa mwenyewe, kopi nilimpelekea, akanyamaza kidogo kisha akasema karatasi hii nayo ni karatasi. Ukutani yataandikwa mambo matatu: watoto walianza kusoma hapa Januari 1970, chumba cha kwanza Agosti 1971, usajili 1976. Majina 31 yataingia ukurasa wa pili wa kijitabu kwa mpangilio ule ule wa rejista, ila wale sita wa Mwalimu watatangulia. Kizingiti cha nyuma hakitapakwa rangi, na stoo itahamishwa ili watoto waweze kukiona.

Fundi rangi anaanza Jumamosi. Kaka anatoka Mikindani na basi la asubuhi. Kama kuna mtu ana picha yoyote ya eneo lile kabla ya tangi la maji, hata kama ni ya harusi na mkorosho unaonekana kwa mbali nyuma ya watu, naomba aniletee niipige kopi, nitamrudishia siku hiyo hiyo.